Kwa nini Amy Jolly alivua viatu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Juzi mimi na mume wangu tuliangalia filamu ya zamani iitwayo Morocco, ya mwaka 1930. Tulikwenda nayo vizuri mpaka mwisho, pale yule mwimbaji anapomwacha tajiri aliyemchumbia, anavua viatu vyake vya mchuchumio na kumfuata askari jangwani kwa miguu. Mume wangu alicheka sana. Alisema hakuna mwanamke mwenye akili timamu angefanya vile, na kwamba hao wanawake wanaofuata jeshi na mbuzi wao ni uzushi wa Hollywood. Mimi machozi yalinitoka, ila nilishindwa kumjibu. Nani kati yetu yuko sawa? Na hivi, mwaka 1930 waliruhusuje mwanamke avae suti ya kiume na kumbusu mwanamke mwenzake mdomoni?

JIBU: Marahaba, dada. Mpe shemeji salamu zangu, halafu mwambie kwamba kuhusu wanawake wa jeshini amekosea, na ushahidi uko hapo hapo mnapoishi. Askari wa Mjerumani waliopigana Tanga Novemba 1914 walikuwa na wake na watoto, na vita vilipogeuka kuwa miaka ya kukimbizana porini, familia nyingi hazikubaki nyuma. Ziliandamana na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao Mjerumani, kuelekea kusini. Baadhi zilivuka naye Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, na wanawake walikuwa bado wamo msafarani alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Walipika, waliteka maji, walitunza majeruhi. Wengine walijifungua njiani na safari ikaendelea.

Wala halikuwa jambo lililozuka na vita. Ofisa wa Kijerumani Wissmann alipokuja pwani mwaka 1889 na Wasudani aliowaandikisha Cairo, wengi wao walikuja na familia. Kambi ya askari ilikuwa mtaa kamili, wenye moshi wa jikoni na watoto wanaokimbizana. Aliyemchora askari wa kikoloni amesimama peke yake na bunduki alimwacha nje ya picha mtu aliyempikia.

Lakini usianze kumwimbia shemeji ushindi. Walikuwepo, ndiyo. Kwa nini walifuata ni habari nyingine, na hapo filamu yenu imepaka asali. Wengine walikuwa wake wa ndoa walioona heri kufa njiani kuliko kubaki kwenye kijiji ambacho jeshi pinzani lingefika kesho. Wengine walitekwa katika vita vya nyuma na kugawiwa askari, hawakuulizwa kama wanapenda. Wengine walifuata chakula. Na huko Afrika Kaskazini inakosimuliwa hadithi yenu, jeshi la Ufaransa lilikuwa hata na madanguro yake rasmi yaliyosafiri pamoja na vikosi, kitu ambacho Paramount, studio iliyotengeneza filamu hii, isingethubutu kukionyesha. Filamu ilichukua umati huo wote, pamoja na njaa yake na hofu yake, ikautolea sababu moja tu: wanawapenda wanaume wao. Hiyo ndiyo Hollywood anayoilalamikia shemeji, na hapo namuunga mkono.

Sasa twende kwa Amy Jolly mwenyewe, yule mwimbaji anayeigizwa na Marlene Dietrich, maana nadhani hapo ndipo mlipogombana kweli.

Shemeji anaona mwanamke aliyepata wazimu dakika ya mwisho. Mimi naona filamu iliyokuwa inamvua mtu huyo kitu kimoja kimoja tangu alipotokea. Mwongozaji, Josef von Sternberg, hakuwa mtu wa kueleza mambo kwa maneno. Alieleza kwa vitu vinavyoshikwa mkononi, vinavyotupwa na vinavyokatika. Mkiiangalia tena, msifuate maneno, fuateni mikono.

Kumbuka Amy anavyoingia. Ni usiku wa ukungu melini, begi lake linafunguka na vitu vyake vinamwagika. La Bessière, yule tajiri mwenye masharubu anayeigizwa na Adolphe Menjou, anainama kumwokotea na kumpa kadi yake. Bwana huyo hana kosa lolote, ana heshima hadi mwisho wa filamu, na hilo ndilo linaloumiza. Amy anaichana kadi vipande vidogo na kuvipeperusha kwa kidole. Hapo hapo nahodha anaeleza kwamba wanawake wa namna hii kwake ni abiria wa tiketi ya kwenda tu, hawajawahi kurudi. Filamu ina dakika chache tu, na tumeshaambiwa kwamba ana njia moja na kwamba kadi ya tajiri haina thamani kwake.

Halafu kuna ufunguo. Tom Brown, yule Mmarekani anayeigizwa na Gary Cooper, mwanajeshi wa Lejioni, jeshi la Ufaransa la askari wa kigeni, ni mtu wa hovyo. Nasema hivyo kwa upendo. Mara ya kwanza tunapomwona yuko kwenye foleni, sajini anafoka, naye anampa ishara za vidole mwanamke aliye pembeni. Ana uhusiano na mke wa ofisa wake mwenyewe. Amy anampa ufunguo wa chumba chake akijua vizuri anampa nani. Na humo chumbani anamwambia neno ambalo ndilo moyo wa filamu: kwamba wanawake nao wana lejioni yao, ila hawavai sare, hawabebi bendera, na wakionyesha ushujaa hakuna anayewavika medali. Kwa hiyo anaposhika ile njia ya mchanga mwishoni, hajiungi na jeshi la mtu mwingine. Alishasema zamani kwamba yeye ni askari.

Kuna jambo ambalo nadhani nyote wawili mmelisahau. Wale wanawake na mbuzi hawatokei mara ya kwanza mwishoni. Katikati ya filamu, Tom anapopelekwa vitani kama adhabu, Amy anakwenda kumuaga akiwa na La Bessière, na kundi la wanawake linapita nyuma ya wanajeshi. Anauliza ni kina nani. La Bessière anamwambia, kwa utani kidogo, ndio walinzi wa nyuma. Anauliza watawezaje kwenda mwendo mmoja na jeshi. Anajibiwa kwamba mara nyingine huwafikia wanaume wao, mara nyingine hawawafikii, na mara nyingi wakiwafikia huwakuta wamekufa. Amy anasema lazima wana wazimu.

Umesikia, dada? Maneno ya shemeji yamo ndani ya filamu, na aliyeyasema ni Amy mwenyewe. Sternberg alijua mtazamaji atacheka, akakitanguliza kile kicheko katika kinywa cha mwanamke ambaye nusu saa baadaye atajiunga nao.

Hata kabla ya kuagana huko, vitu vilikuwa vimeshaanza kukatika. Tom anaona bangili ambayo tajiri amempa Amy, anaipima, anajipima na yeye mwenyewe, kisha anachukua rangi ya mdomo ya Amy na kuandika kwenye kioo kwamba amebadili mawazo, anamtakia kheri. Ni mwoga au ni mtu anayejua hana cha kumpa mke? Mimi nimeshaiona filamu hii mara nyingi na bado nabadilisha jibu. Baadaye, kwenye chakula cha uchumba, ngoma za kikosi kinachorudi zinasikika nje. Amy anainuka kwa haraka, mkufu wa lulu unanasa na kukatika, lulu zinatawanyika sakafuni. Watu wa pwani mnajua mkufu wa posa ukikatika mbele ya wageni unasemaje.

Na ile meza. Amy anamkuta Tom kwenye mgahawa. Wamemwambia ameumia, kumbe mzima. Wanazungumza kama watu wawili waliokutana kituo cha basi. Tom alikuwa akichonga kitu mezani kwa kisu, na Amy alipoingia alikifunika kwa karata. Akishaondoka, Amy anazisogeza karata na kukuta jina lake, limezungushiwa moyo. Hapo ndipo filamu inapoisha kwa kweli. Viatu ni matokeo tu. Asingeona meza ile, angepanda gari la La Bessière akaenda zake, akawa mke wa tajiri, na shemeji angeridhika.

Tuje kwenye suti.

Maadili ya Hollywood yalikuwa na kitabu chake, kiitwacho kwa kawaida Kanuni za Hays, na kilipitishwa Machi 1930, miezi kadhaa kabla filamu hii haijatoka Novemba mwaka huo huo. Ila sheria bila askari ni karatasi. Studio ziliahidi kuzifuata, kisha zikaendelea na mambo yao. Ni Julai 1934, Joseph Breen alipowekwa kwenye ofisi ya kukagua kila filamu kabla ya kuonyeshwa, ndipo mlango ulipofungwa kwelikweli. Morocco ilipita katika ile miaka minne ya upenyo, pamoja na nyingine nyingi ambazo mwaka 1935 zisingetoka.

Lakini itazame ile busu yenyewe ilivyopangwa, maana kuna ufundi ndani yake. Amy anatokea jukwaani na koti jeusi la jioni lenye mkia, tai nyeupe, kofia ndefu inayong'aa, sigara mkononi. Ukumbi unamzomea. Tom anawanyamazisha kwa nguvu. Amy anaimba wimbo wa Kifaransa kuhusu mapenzi yanapokufa, kisha anasogea kwenye meza ya mwanamke mmoja mwenye ua kichwani. Analiomba ua. Analichukua, analinusa, anamtazama mwenye ua, anambusu mdomoni, anagusa ukingo wa kofia kama bwana mstaarabu, watu wanacheka na kupiga makofi, na lile ua anamrushia Tom. Mkasi wa wakaguzi ungeikata wapi? Ukiiondoa busu, ua linatoka wapi? Ukiliondoa ua, Tom na Amy hawana mwanzo. Inasemekana wazo la ua lilitoka kwa Dietrich mwenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo. Tom naye analivaa lile ua nyuma ya sikio, mwanajeshi mrefu wa Lejioni mwenye ua sikioni, na hakuna anayemzomea. Mwanamke kavaa koti, mwanamume kavaa ua, na mapenzi yao yanaanzia hapo.

Kuhusu Marlene Dietrich, nitasema machache yanayohusu swali lako. Hii ndiyo filamu yake ya kwanza Marekani. Alikuwa ametoka kuigiza kwa Sternberg huyo huyo mjini Berlin, na Paramount ilimleta ikitafuta mtu wa kushindana na Greta Garbo, nyota wa studio pinzani ya MGM. Kiingereza chake kilikuwa bado na kokoto. Pale melini alitakiwa kumwambia La Bessière kwamba hahitaji msaada, na lile neno la Kiingereza la msaada lilimshinda kulitamka, ikarudiwa mara nyingi mno mpaka likakubali. Ule upole wa maneno yake ambao watu huuita fumbo, sehemu yake ni fumbo na sehemu yake ni mgeni anayechagua silabi. Kazi nyingine aliifanya mpiga picha Lee Garmes. Tazama uso wa Amy unapokuwa karibu: taa kuu imewekwa juu kwa mbele, mashavu yanaonekana yamebonyea na chini ya pua kuna kivuli kidogo kama kipepeo. Dietrich aliujua mwanga ule akaudai maisha yake yote.

Alipendekezwa kwa tuzo ya Academy, yaani Oscar, akashindwa na Marie Dressler. Sternberg, Garmes na msanifu wa mandhari Hans Dreier nao walipendekezwa, wote wanne wakatoka mikono mitupu. Kwa Dietrich huo ulikuwa uteuzi wa kwanza na wa mwisho. Huko Japani, Morocco iliingia 1931 na kuwa filamu ya kwanza ya sauti kuonyeshwa na maandishi ya Kijapani pembeni ya picha. Watazamaji wa Tokyo walimsikia Dietrich kwa sauti yake huku wakimsoma kwa lugha yao.

Ningemaliza hapo, lakini wewe umeuliza kutoka Tanga, na siwezi kumjibu mtu wa Tanga nikajifanya sijaona kitu kingine. Morocco wenyewe wako wapi katika Morocco? Mji wa hadithi ni Mogador, ambao leo ni Essaouira, bandari ya Atlantiki. Kamera haikufika huko. Mji ule ulijengwa California, na jangwa ni la California. Nchi yenyewe ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu 1912, na miaka minne tu kabla ya filamu kutoka, vita vya Rif, milima ya kaskazini, vilikuwa vimemalizika, vita ambavyo kiongozi Abd el-Krim na wenyeji wake Waamazighi waliwatoa jasho Wahispania na Wafaransa kwa miaka mitano. Kusini mapigano yaliendelea hadi 1934. Tom Brown anapopelekwa vitani, anakwenda kumpiga risasi mtu aliye nyumbani kwake. Mtu huyo hana jina kwenye filamu wala uso. Ni mlio wa bunduki ng'ambo ya ukuta. Wenyeji wengine ni sauti ya adhana mwanzoni, mtu anayehangaika na punda aliyegoma katikati ya barabara, na vivuli vya mabaraza vinavyopendeza sana. Nikiyaona hayo nakumbuka Lejioni hiyo, iliyoundwa 1831 kwa ajili ya kuiteka Algeria, ilikuwa kimbilio la Wazungu waliotaka kusahau mambo yao, nao walikwenda kuyasahau katika shamba la mtu.

Kwa hiyo wale wanawake wa nyuma, wenye mbuzi na vifurushi, ndio wenyeji pekee ambao filamu inawapa muda. Hawasemi neno. Ila wanatembea vizuri. Angalia tofauti: wao wamevaa kwa safari, Amy amevaa kwa gari. Anapopita lile tao kubwa la lango, upepo unalivuta gauni lake, kisigino kinazama, hatua moja, mbili, anasimama. Hatoi kauli yoyote. Anavipiga teke viatu kimoja kimoja, anavikimbia, anawafikia, na anashika kamba ya mbuzi. Mumeo alitazama viatu. Nadhani wewe ulilia kwa sababu ya kamba. Mtu aliyepagawa anakimbia mikono mitupu, lakini huyu amefika akakuta kazi inafanywa, akashika upande wake.

Je, ana akili timamu? Tom hajamwita. Hajui hata kama yuko nyuma. Jangwani kwa miguu yenye malezi ya zulia, sijui kama atafika jioni. Shemeji ana haki ya kutikisa kichwa, na La Bessière anafanya hivyo hivyo, amesimama getini na kofia yake, hamzuii. Lakini sikubali kwamba ni uamuzi wa ghafla, wala kwamba Hollywood iliulazimisha ili watu walie. Hollywood ingempa mume tajiri.

Halafu kuna jambo moja la ajabu lililokuja baadaye. Mwaka 1939 Dietrich alichukua uraia wa Marekani. Wakuu wa Ujerumani walikuwa wamembembeleza arudi, akakataa. Aprili 1944 akafika Algiers, mara hii Afrika Kaskazini ya kweli, kuwatumbuiza wanajeshi, kisha akaandamana nao Italia na kuingia Ulaya nyuma ya mstari wa mbele, analala walipolala, chawa na baridi pamoja. Mwaka 1947 serikali ya Marekani ilimpa Medali ya Uhuru. Yule aliyesema kwenye filamu kwamba wanawake wa lejioni hawapewi medali, alipewa yake.

Mkiirudia, msiianze pale melini, anzeni na punda. Ongezeni sauti pia, kwa sababu Sternberg alifanya jambo ambalo sinema za sauti, zilizokuwa na miaka mitatu tu, zilikuwa bado zinaogopa kulifanya: mwishoni hakuweka muziki. Hakuna fidla za kukuambia ulie. Ngoma za kikosi zinafifia nyuma ya kichuguu cha mchanga, wanawake wanatoweka mmoja mmoja, na unabaki upepo. Maneno ya mwisho yanapotokea kwenye kioo, shemeji asiwahi rimoti. Upepo unaendelea kidogo.